Kabla Upeleke Laptopu kwa Fundi

Wasee, nilikuwa karibu kumuingiza mathe kwa deni la shilingi 14,000 kwa sababu ya baruapepe.

Si barua ya matapeli, na si ile ya "hongera umeshinda". Nazungumzia programu ya kusomea baruapepe, ile unaiweka kwa laptopu na inakaa pale chini kimya kama mgeni mwenye adabu. Nitawapa stori vile ilienda, halafu nitawaambia mahali nadhani wengi wetu tunakosea.

Tuanze na laptopu yenyewe. Ni ex-UK, i5 ya kizazi cha 6, RAM ya GB 8, na betri ambayo ukiitoa kwa stima inazima kabla umalize kikombe cha chai. Mathe aliinunua kwa mkopo wa chama nilipomaliza shule, na akalipa huo mkopo kwa cherehani. Yeye hushona sare za shule. Kwa hivyo hiyo mashine si yangu peke yangu. Mchana ni ya kazi yake, kuandikia shule bei na kupiga chapa risiti. Usiku ni yangu, nahariri video zangu na za watu wachache wanaonilipa.

Sasa mtu ataniuliza, nani siku hizi anaweka programu ya baruapepe kwa kompyuta na simu iko? Swali zuri. Shule humwandikia mathe zikitaka bei: sweta 60, sketi 40, saizi hizi na rangi hizi. Mwaka ukiisha wanarudi na kusema, "tupe kama za mwaka jana." Hapo mathe anaanza kutafuta barua ya mwaka jana kwa simu iliyojaa hadi haiwezi kupiga picha. Kila kutafuta ni data. Na data kwetu ni kama maji ya mtaa, huja siku yakitaka.

Programu ya kompyuta inashusha barua zote, inaziweka kwa diski, na baadaye unazisoma na kuzitafuta hata kama intaneti haipo. Kwa nyumba inayonunua data ya shilingi 50 kwa siku, hiyo ni akili. Bado nasema ni akili. Sitaki mtu asome hii halafu aende kuifuta.

Basi nikaweka akaunti tatu: ya mathe, yangu ya kazi, na yangu ya zamani ya enzi za shule. Ya mathe ilikuwa na barua zaidi ya 31,000. Huyu mama hajawahi kufuta kitu tangu 2014. Kisha nikaingia kwa mipangilio na nikaiambia programu iangalie barua mpya kila dakika 1, ndio mathe asiwahi kuniambia nimemchelewesha. Kumbukeni hiyo dakika 1.

Wiki ya kwanza ilikuwa poa. Ya pili, feni ikaanza. Mwanzoni ni ile sauti ya kawaida, halafu ikawa haikomi. Unafungua laptopu asubuhi, hujagusa kitu, tayari inalia kama ndege inataka kuruka Wilson. Mathe alikuwa akipita anasema, "Hiyo kitu yako inapumua kama mtu amepanda ghorofa na mtungi wa gesi." Chini kulikuwa na moto wa kuweza kupasha chapati. Video ya dakika 4, ambayo zamani ilikuwa inatoka kwa dakika 20 hivi, ikawa inachukua karibu saa nzima. Nilichelewesha kazi ya mtu mara mbili. Mara ya tatu hakunipigia tena.

Nikafanya kitu kila mtu hufanya. Nikaamua laptopu imezeeka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliiwasha, akasikiza feni, akaweka mkono chini, akatingisha kichwa vile daktari hutingisha kichwa kwa sinema. "Prosesa imechoka. Bodi inaelekea. Nipe 14,000 nikubadilishie bodi, ama uongeze kidogo uchukue hii ingine." Yote hiyo ilichukua kama dakika 3.

Nilirudi kejani nikiwa nimekunja uso, nikamwambia mathe. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Aliendelea tu kupiga cherehani, akasema, "Jumapili tuna chama. Nitaongea nao." Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Manze, nililala vibaya. Najua vile ule mkopo wa kwanza ulilipwa. Nilikuwa naskia cherehani saa sita usiku.

Jumamosi asubuhi cherehani yake ikaanza kukata uzi. Nikamwambia kwa mzaha, "Hata hiyo pia imezeeka, tununue ingine." Akanitazama kama nimetukana. "Cherehani ikikata uzi hununui cherehani. Unaangalia sindano kwanza. Halafu unaangalia uzi, kama umepita vizuri. Halafu kile kibobini cha chini. Ukimaliza hizo zote ndio unaita fundi." Akatoa sindano, ilikuwa imepinda kidogo tu kwa ncha. Akaweka ingine, akaendelea.

Nikakaa pale nikijiona mjinga. Mimi niliyesoma, niliye na laptopu, sikuwa nimeangalia sindano.

Kwa Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka Task Manager. Hiki kidirisha kiliandikwa mara ya kwanza miaka ya 90 na mhandisi wa Microsoft anaitwa Dave Plummer, na hadi leo ndicho kitu muhimu kabisa ambacho watu wengi hawajawahi kufungua kwa mashine zao. Kwa Mac kinaitwa Activity Monitor. Ukiwa mtu wa Linux, andika tu top kwa terminali. Kinakuonyesha kila programu inayokimbia na inakula nini: prosesa, RAM, diski, intaneti. Ukibonyeza neno CPU juu, wanaokula prosesa zaidi wanapanda juu ya orodha.

Nilikuwa nimefunga kila kitu. Sikuwa na video wala kivinjari. Nilitarajia kuona prosesa imepumzika kwa asilimia 3 ama 4. Ilikuwa asilimia 58. Juu ya orodha kulikuwa na antivirusi, ikicheza kati ya 28 na 32. Ya pili ilikuwa programu ya baruapepe, na haikuwa inacheza. Ilikuwa imekwama kwa 25, haishuki wala haipandi.

Hapa kuna kitu nataka mshike, kwa sababu mimi pia kilinipita mara ya kwanza. Asilimia 25 inakaa ndogo. Unaweza kusema, si imebaki 75? Lakini prosesa yangu ina viini 2, na kila kiini kinashika kazi 2 kwa wakati mmoja, kwa hivyo Windows inahesabu kama iko na wafanyakazi 4. Mfanyakazi mmoja akishikwa mzima, asipewe hata sekunde ya kupumua, ni robo ya kazi yote, yaani 25. Hiyo namba ikisimama pale bila kusonga, mara nyingi inamaanisha programu imeingia kwa kitu haiwezi kumaliza. Ukiwa na mashine ya wafanyakazi 8, namba hiyo itakuwa kama 12 na nusu. Ndio maana mtu mwenye laptopu mpya anaweza kukaa na shida kama hii miezi na asijue.

Nikafunga programu ya baruapepe. Nikangoja. Dakika 2 hivi, antivirusi nayo ikashuka yenyewe. Prosesa ikawa 4. Halafu feni ikanyamaza. Wasee, sijawahi kufurahia kimya hivyo. Mathe akauliza kutoka upande ule mwingine, "Imezima?"

Nikaifungua tena. Feni ikarudi. Nikafunga, ikanyamaza. Hapo sasa si bahati tena. Hiyo "bodi inayoelekea" ilikuwa inafufuka kila nikifunga dirisha moja.

Sasa kwa nini? Nilikaa nayo Jumamosi yote, na kumbe sababu hazikuwa moja.

Ya kwanza ilikuwa faharasa. Programu za aina hii, ili ziweze kukutafutia neno "sweta" ndani ya barua 31,000 kwa sekunde moja, hupitia kila barua na kuandika orodha ya maneno, kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu. Ukiweka akaunti mpya yenye barua nyingi, hiyo kazi ni halali. Iache imalize, hata kama ni saa kadhaa. Yangu ilikuwa na wiki tatu na haijamaliza. Betri yangu, si mnakumbuka? Stima ilipotea mara kadhaa laptopu ikazima katikati ya kuandika, na nadhani hapo ndipo faili la faharasa liliharibika. Tangu siku hiyo, kila nikiwasha, programu inaanza kuhesabu, inafika pale pameharibika, inazunguka hapo hapo. Kama mtu anatafuta nyumba kwa mtaa na namba iliyofutika.

Ya pili ilikuwa vile barua zinahifadhiwa. Programu niliyokuwa nayo huweka folda nzima kama faili moja. Sikuwa najua. Kasha la mathe lote lilikuwa faili moja la zaidi ya GB 4. Ikiingia barua moja ya kusema "asante", lile faili limebadilika, na antivirusi inaona faili limebadilika, inaanza kulikagua. Na kuna hii pia: nilikuwa nimefuta matangazo maelfu nikidhani nimepunguza mzigo. Kumbe kwa faili la aina hii, kufuta ni kuweka tu alama kwamba barua haitakiwi. Inabaki ndani hadi ubane folda. Nilikuwa nimefagia takataka nikaziweka nyuma ya mlango.

Ya tatu ni ile dakika 1. Akaunti 3 kila dakika ni mara 180 kwa saa. Mara 180 programu inaamka, inapiga hodi, inagusa mafaili, na antivirusi inaamka nayo. Hii hakuna wa kulaumu. Ni mimi.

Kwa hivyo nilifanya hivi, na ukiwa na shida kama yangu fuata mpangilio huo huo, kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitano pamoja na ipone, hutajua ni gani ilikuwa dawa.

Kabla ya chochote nilifunga programu na nikanakili folda yake yote kwa diski ya nje. Hizi ni barua za kazi za mathe za miaka na miaka. Usiguse kitu cha mzazi bila nakala.

Kisha nikaiwasha ikiwa imezima viongezi vyote, yaani zile programu ndogo watu huongeza za kalenda, za rangi, za nini. Nyingi za hizi programu huwa na njia ya kuwaka hivyo kwa ajili ya kutafuta hitilafu. Namba ikabaki 25. Sawa, si viongezi. Hiyo nayo ni habari. Kwa mtu mwingine ingekuwa ndio jibu, na angeishia hapo.

Nikabadilisha dakika 1 ikawa 15. Antivirusi ikatulia kiasi. Programu yenyewe bado 25.

Nikabana folda zote. Lile faili la mathe likashuka kutoka zaidi ya GB 4 hadi kama GB 2 na nusu. Halafu nikahamisha barua za zamani kwa folda za kila mwaka, 2014 peke yake, 2015 peke yake, hivyo hivyo. Faili la 2014 halibadiliki tena, kwa hivyo antivirusi haina haja ya kulirudia kila wakati. Kinachobadilika kila siku sasa ni kidogo.

Mwisho nikafunga programu na nikaondoa faili la faharasa. Hapa mkono ulitetemeka kidogo, sitadanganya. Lakini faharasa si barua. Ukichana kurasa za faharasa, kitabu bado kiko, na mtu anaweza kuiandika upya. Nikawasha. Ikaanza kuhesabu upya, 25 tena, na nikaiacha ikiwa kwa stima, na mimi nikiombea kampuni ya umeme kwa mara ya kwanza maishani. Ilianza saa mbili usiku. Saa nne na kitu, nikiwa naosha vyombo, feni ikanyamaza yenyewe.

Nikakimbia kuangalia. Programu ya baruapepe: 0. Mara moja moja inaruka hadi 1 halafu inarudi 0. Nikatafuta "sweta". Zikaja zote.

Kuna watu kwa video wanakuambia, "antivirusi inakula prosesa, izime." Tafadhali. Mathe hufungua kila kiambatisho anachotumiwa kwa sababu kinaweza kuwa oda. Antivirusi ilikuwa inafanya kazi yake. Ni mimi nilikuwa naiita kila dakika nikiipatia faili la GB 4. Ukizima mlinzi kwa sababu mlango unapigwa sana, bado mlango utapigwa, na sasa hakuna mlinzi.

Sasa maoni yangu, ambayo ndio sababu nimeandika.

Sisi watu wa vitu vya mitumba tumefundishwa kwamba polepole ni sawa na uzee. Simu ikikwama tunasema imezeeka, na laptopu ikipata moto tunasema hivyo hivyo. Na kwa sababu tulinunua kitu kimetumika, tuna ile hatia ndani, kama tunajua siku yake itafika, kwa hivyo mtu yeyote akituambia "imechoka" tunaamini haraka. Simwiti yule fundi mwizi. Anauza bodi, kwa hivyo anaona bodi. Lakini alinipa jibu la 14,000 kwa kuskiza feni, na mimi nikalikubali bila kuuliza swali moja: feni inalia kwa sababu gani?

Feni inalia kwa sababu prosesa ina moto. Prosesa ina moto kwa sababu inafanya kazi. Na ikizidi moto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, ndio maana hata video yangu ilikuwa inatambaa. Swali la kuuliza ni inafanya kazi ya nani. Jibu lilikuwa kwa kidirisha cha bure, vitufe vitatu.

Sisemi mafundi hawahitajiki. Jumapili niliifungua nyuma nikatoa vumbi na brashi, na kulikuwa na vumbi la kutosha kujaza mto. Kwa hivyo ule mkono aliweka chini haukuwa umekosea kabisa. Na kuna siku utafungua Task Manager uone prosesa imetulia kwa 5 lakini mashine bado inasota. Angalia diski kama imesimama kwa 100, angalia RAM kama imejaa. Kama zote ziko sawa na bado inazima yenyewe, hapo enda kwa fundi. Lakini enda ukijua. "Inazima hata ikiwa haifanyi kitu" ni sentensi tofauti na "iko slow". Ya pili ndio huwa inagharimu 14,000.

Jumapili kabla mathe aende chama nilimwita aone. Nikafungua programu, nikamwambia askize. Akainama, akaweka sikio karibu na laptopu vile yeye huweka kwa cherehani.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa sindano, Mum."

Hakucheka. Aliuliza kama nimefuta barua za ile shule ya Njiru. Nikamwambia hapana, hata ya 2014 iko. Akachukua mkoba akaenda chama, na hakuomba mkopo.

Sasa wewe. Funga kila kitu, fungua hicho kidirisha, bonyeza CPU, ngoja dakika 2. Niambie hapo chini nani yuko juu ya orodha yako, na anakaa kwa asilimia ngapi. Msiniambie laptopu imezeeka bado.